Waliopokelewa Ng'ambo

Katika nchi yetu, jirani hajibiwi hapana. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Wizara ya Ujirani Mwema, ninakofanya kazi ya ushereheshaji, na imeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango wa choo cha wageni, mahali ambapo kila mgeni hana budi kupita. Jirani akikuomba chumvi, unampa. Akikuomba ukubali kwamba jana kwake ilinyesha, unakubali, hata kama jana ulikuwa kwake na vumbi likakukausha koo. Kwa adabu hiyo tumeishi na nchi ya Ng'ambo na nchi ya Milimani bila hata kurushiana jiwe, na wataalamu wa mbali huja kutuchunguza na kuondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

Tunda kubwa la adabu hiyo ni Bwawa la Ushirikiano. Milimani walileta ushauri, Ng'ambo wakaleta saruji, sisi tukaleta bonde. Bonde lenyewe liliitwa Mbelezi na lilikuwa na watu, lakini watu ni kitu kinachohamishika, kama Mheshimiwa Waziri Kasongwe alivyofafanua siku ya jiwe la msingi. Siku hiyohiyo alitueleza kwamba maendeleo endelevu ni yale ambayo hata ukiyachoka, yenyewe yanaendelea. Tulipiga makofi mpaka viganja vikatuwasha.

Siku ya kufunga malango ya bwawa, watu wa Mbelezi walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori, isipokuwa mfuga nyuki mmoja, Mzee Kiboga. Hakugoma. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye alisingiziwa ukorofi. Alisema tu kwamba mizinga haihamishwi mchana. Mchana nyuki wako kwenye maua. Ukiubeba mzinga saa hizo umebeba nyumba tupu, na wenyewe wakirudi jioni watazunguka palepale mpaka wafe. Akaomba aachwe hadi magharibi, nyuki waingie, azibe midomo ya mizinga kwa matambara, ndipo awafuate wenzake. Afisa uhamisho akamwambia, "Sawa, mzee wangu, wala usiwe na haraka. Malango ni kesho."

Lakini ndege ya waziri wa Ng'ambo ilikuwa iondoke alasiri, na mgeni alikuwa ameonyesha hamu ya kuyaona maji. Basi malango yakafungwa adhuhuri ya siku ileile, kwa nyimbo za wanafunzi na keki iliyokatwa umbo la bwawa. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Maji yalipanda upesi kuliko wataalamu walivyokadiria, nasi tukaushangilia upesi wenyewe.

Mke wa Mzee Kiboga, Bi Tausi, alikuwa kwenye lori la mbele, amepakata masufuria yake. Aliposikia kishindo cha maji aliruka chini akakimbia hadi ukingoni, akaita mpaka sauti ikamkauka. Jioni nyuki walirudi. Waliokuwapo wanasema walizunguka juu ya maji, mahali pamoja, na mvumo wao ulisikika hadi barabarani. Mimi sikuwapo, nilikuwa kwenye dhifa.

*

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Marafiki wa mbali waliotufadhili walikuwa wameweka sharti dogo: awamu ya pili ya mradi itakuja tu kama awamu ya kwanza haikuua mtu. Kwa hiyo Mzee Kiboga hakufa. Mheshimiwa Kasongwe alilithibitisha jambo hilo kitaalamu, kwa kumpigia simu waziri wa Ng'ambo, mbele yetu sote, sauti ikisikika chumba kizima.

"Ndugu yangu," akasema, "kuna mzee mmoja hatumwoni upande huu. Bila shaka mmempokea nyinyi?"

Tulisikia mtu akivuta pumzi upande wa pili.

"Tumempokea," sauti ikajibu. "Anaendelea vizuri. Anakula vizuri."

"Mungu akubariki."

"Sasa, ndugu yangu, kwa kuwa umepiga mwenyewe... sisi nasi kuna vijana wetu wa machimbo ya chokaa, tangu kifusi kile kianguke hatuwaoni."

"Tumewapokea!" Mheshimiwa akapaza sauti kwa furaha. "Tena wamenenepa!"

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Kupokeana Wananchi, ambao sasa unasifiwa katika kila kongamano. Tangu uanze, hakuna mradi hata mmoja katika nchi zetu uliowahi kuua mtu.

Ila mji mkuu ulipoanza kunywa maji ya bwawa, mabomba yakaingiwa na tabia. Ukifungua, kabla ya maji kutoka, husikika mtu akikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni kile cha mtu mzima anayetaka watu waliomo ndani wajue kwamba yuko mlangoni. Kisha maji hutoka, safi kabisa. Mke wangu aliacha kuchota peke yake. Wizara ikaomba msaada wa kiufundi Milimani, wenye mabwawa ya zamani kuliko yetu, nao wakatuletea Dokta Ulimbo, bingwa wa sauti zinazojitokeza baada ya mradi. Aliendesha warsha katika hoteli yenye baridi kali ya viyoyozi, na ushauri wake ulikuwa mwepesi: mwananchi aimbe kila anapofungua bomba.

"Kwetu tumeimba kizazi kizima," alisema, "na leo watoto wetu wanaimba bila kujua kwa nini."

Tulimpigia makofi. Alipomaliza alipewa glasi ya maji, na mimi niliyekaa karibu nilimwona akiiweka sikioni kwanza.

*

Bi Tausi alikuja wizarani kila asubuhi, akakaa kwenye ngazi. Hakutaka nyumba wala fidia, na hilo liliwatia maafisa wetu hofu, maana hawakuwa na idara ya mtu wa namna hiyo.

"Nataka nikae eda," alisema. "Mume wangu amekufa. Nataka nivue hizi bangili, nijifungie ndani, na watu waje waniambie pole. Basi. Sina kingine."

Afisa sheria akamweleza kwa upole mwingi kwamba kumkalia eda mtu aliyepokelewa na jirani ni sawa na kumwita jirani mwongo. Shehe wa mtaa waliohamishiwa naye alikwisha kuonywa.

Niseme wazi kwamba yule mama aliniuma moyoni. Watu walishindwa hata kumsalimu. Akipita sokoni, aliyetaka kumwambia pole alitazama nyuma kwanza, na aliyetaka kumuuliza habari za mzee aliyameza maneno. Binti yake, Sikitu, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshuka kwa kukaribia kujifungua, alilazimika kupika chakula cha watu watatu, fungu la baba yake likiwamo, kwa sababu mjumbe wa mtaa alipita akifunua masufuria. Bi Tausi akawa si mke na si mjane, na usiku, Sikitu aliniambia, hakulala kitandani wala chini, alikaa tu katikati ya chumba.

Mwishowe Mheshimiwa akachoka kumruka ngazini. "Mpelekeni Ng'ambo akamwone mumewe," akasema. Nilimtazama usoni nikidhani anatania, nikaona kwamba mwenzetu anaamini kabisa. Si alikuwa ameambiwa kwenye simu?

Nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza.

*

Kijiji cha Mapokezi kiko nyuma ya vilima vya Ng'ambo, nacho ni kizuri kuliko kijiji chochote nilichowahi kukisherehesha. Nyumba zina mabati mekundu, zimepangwa mstari mmoja ulionyooka, kila moja na umeme wake wa jua. Juu ya kila mlango limeandikwa jina la mtu wetu mmoja aliyepokelewa. Mbele ya kila mlango kuna jozi ya kandambili mpya. Taa zilikuwa zikiwaka mchana kweupe. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na mtoto, hapakuwa na moshi nyumba yoyote.

Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Machano, afisa mapokezi, mtu mwembamba mwenye tai. Alitupitisha nyumba kwa nyumba akibisha hodi, akisubiri kidogo, kisha akisema, "Ahsante, endelea kupumzika." Hakuwa na dhihaka hata chembe. Kwenye mlango mmoja alicheka kidogo na kusema, "Haya bwana, umeshinda," akaendelea na safari.

"Huwa wanakujibu?" nikamuuliza.

"Ni watu wenye heshima sana," akasema. "Hawana kelele."

Tulipofika kwenye mlango wenye jina la Mzee Kiboga, Bi Tausi alimsogeza Bwana Machano pembeni, akabisha mwenyewe.

"Hodi, baba Sikitu."

Akaingia, nami nikamfuata. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka halina mkunjo. Lakini sakafu ilikuwa imelowa. Hayakuwa maji ya kupigia deki. Yalikuwa na tope jepesi la kijani, na mkondo wake ulianzia kitandani ukaishia mezani, kwenye kiti. Bi Tausi alichovya kidole, akanusa. Akakaa taratibu kwenye ukingo wa kitanda, upande wake, kama alivyozoea miaka yote.

"Ni Mbelezi hii," akasema.

Nilitoka nje.

Nikaenda hadi jikoni, nikitafuta mtu yeyote mwenye joto mwilini, nikamkuta mpishi wa kijiji, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Ramla, anachambua maharage. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai.

"Nawapikia wote," aliniambia. "Napeleka sahani, nabisha, naiacha mlangoni. Jioni nazikusanya. Chakula kiko vilevile, hakikuguswa. Ila sahani zimelowa."

"Huogopi, dada?"

"Nilikuwa naogopa. Siku hizi naogopa kwamba kuna siku zitarudi kavu." Akaacha maharage, akaifuta mikono yake kwenye kanga. "Kaka, wewe si unatoka kule? Mume wangu alikuwa machimbo ya chokaa. Anaitwa Tindwa. Tuliambiwa mmempokea nyinyi. Anaendeleaje?"

Sisi tuna kijiji kama kile. Kina mabati ya bluu. Nilikisherehesha mwenyewe, nikakata utepe, na nilijua kilivyo ndani. Nilimtazama yule mama, amenikazia macho, kashikilia pumzi. Ulimi wangu ukafanya kazi uliyosomeshwa.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Anakula vizuri."

"Ahsante, kaka. Mungu akulipe." Akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Anakula nini?"

"Maharage. Anayapenda sana."

Tabasamu lilikaa pale usoni kidogo, halina mwenyewe. "Tindwa hali maharage," akasema. "Yanamdhuru. Mimi nilikuwa nampikia dagaa."

Bi Tausi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, amesikia yote. Hakunikemea, na nilitamani anikemee. Alipita, akamshika Bi Ramla mkono, akamwinua.

"Njoo, mdogo wangu," akamwambia. "Tukae chini tulie."

*

Walitandika mkeka mbele ya mlango wa Mzee Kiboga. Bi Tausi akavua bangili, akazisukuma pembeni, akafungua kinywa. Kilio kile sijawahi kukisikia katika sherehe yoyote. Alipopumzika, alimwita Bwana Machano.

"Mwanangu, nenda ukawaambie wakubwa wako na wakubwa wangu, na wale wa Milimani, kwamba jirani yao amefiwa. Nawaalika matangani."

Bwana Machano alibadilika rangi. Mtu katika nchi zetu anaweza kukosa harusi ya mwanawe, anaweza kukosa hata kikao cha posho, lakini matanga ya jirani hayakosi. Haijapata kutokea.

Wakaja. Mheshimiwa Kasongwe alikuja na msafara, waziri wa Ng'ambo akaja na bendi ya polisi, Dokta Ulimbo akaja na mada ya kuwasilisha. Walileta mchele na sukari. Palitundikwa kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI KATIKA MATANGA YA KIKANDA, na wakubwa wakavua viatu, wakakaa mikekani na suti zao, magoti yakiwakatalia. Mheshimiwa akaomba kusema machache.

"Ndugu majirani," akasema, "matanga haya ni kielelezo cha utangamano wetu. Ni matanga shirikishi. Ni matanga rafiki kwa mazingira. Na kwa fahari kubwa naweza kusema ni matanga ya kwanza katika kanda hii yasiyo na marehemu."

Bendi ilipiga kidogo, ikanyamazishwa.

Shehe wa Ng'ambo, mzee aliyeletwa haraka bila kuelezwa lolote, akainua mikono kwa dua. Kisha akaishusha. "Tumwombee nani?" akauliza.

Mheshimiwa alimtazama waziri wa Ng'ambo. Waziri wa Ng'ambo alimtazama Mheshimiwa. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aseme, ili yeye akubali. Jasho liliwatoka. Mimi, kama kawaida, nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

"Soma, mwanangu," Bi Tausi akaniambia. "Majina si yapo hapo milangoni?"

Ningeweza kujifanya sikusikia. Lakini Bi Ramla alikuwa amekaa karibu naye, na macho yake sikuyaweza. Nikasoma jina la Mzee Kiboga. Ndani ya nyumba ile taa ikazimika. Nikasoma la mlango wa pili, na taa ya pili ikazimika. Nikaenda hivyo mstari mzima, na kila jina lilipotoka kinywani nyumba yake ilitulia, na nilihisi kitu cha baridi kikinipita miguuni kuelekea vilimani. Milango ilipokwisha, nikasema, "Na Tindwa." Jina hilo halikuwa kwenye mlango wowote pale. Bi Ramla aliangusha kichwa mapajani mwa Bi Tausi.

Shehe akaomba dua. Watu wakaitikia amina, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, mawaziri wawili walijikokota kwa magoti hadi kwa wajane, wakasema, "Poleni. Poleni sana." Bi Tausi alifumba macho. Mabega yake, ambayo tangu nimjue yalikuwa juu karibu na masikio, yalishuka.

Tamko la pamoja lililotolewa baadaye liliupongeza umma wa Kijiji cha Mapokezi kwa kubana matumizi ya umeme.

"Sirudi na wewe," Bi Tausi aliniambia tulipokuwa tukikunja mikeka. "Kwetu hamtaniacha nikae eda yangu kwa amani. Hapa ni kwa mume wangu. Ramla ataniletea chakula. Mwambie Sikitu niko salama, eda ikiisha nitakuja nimbebe mjukuu wangu."

Akaingia ndani, akafunga mlango, naye kwa mila yetu hatoki wala hasemi na watu hadi amalize.

Garini Mheshimiwa aliniuliza, "Yule mama tuseme yuko wapi?"

"Amebaki kwa hiari yake, Mheshimiwa."

Alitafakari. Neno hiari lilimsumbua. Mwishowe akapata jingine, akatulia. "Basi amepokelewa," akasema, na kabla hatujafika mpakani redio ilikuwa imekwisha kutangaza. Kijiji chenyewe kilifungwa kwa wageni, ili wananchi wasisumbuliwe katika mapumziko yao.

*

Sikitu alikuja wizarani akiwa na mtoto mchanga kifuani, arobaini haijatimia. Alinikuta ukumbi wa mapokezi.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Ng'ambo. Yuko hai, Sikitu. Nilimwona kwa macho yangu."

"Redio imesema amepokelewa."

"Si kupokelewa kule! Yuko ndani, anakaa eda."

"Eda ya nani? Si nyinyi mlisema baba hajafa?"

Afisa sheria alikuwa amesimama karibu, anatusikiliza.

"Nitakwenda nikamwone."

"Huwezi," nikasema, na wakati huohuo nikajisikia ninavyosikika. "Wamefunga. Wanasema wanapumzika."

Sikitu alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Anakula?"

"Anakula vizuri," nikasema. Ilikuwa kweli. Naapa ilikuwa kweli, kabla hatujaondoka nilimwona Bi Ramla akipeleka sinia, nikaliona likirudi tupu na kavu.

Alimkabidhi mtoto kwa mhudumu wa mapokezi. Akavua hereni zake moja baada ya nyingine. Akatandika kanga juu ya marumaru ya wizara, akakaa, akaanza kumlilia mama yake kwa jina. Milango ikafunguka ghorofa zote, maana katika nchi yetu hakuna anayempita mtu aliaye. Wakashuka makarani, akashuka afisa sheria, akashuka Mheshimiwa mwenyewe, na mmoja mmoja wakainama wakampa mkono: pole, Sikitu, pole sana. Ilitoka kwa wingi, bila kuogopa mtu, ile pole ambayo Bi Tausi aliiomba kila asubuhi kwenye ngazi zetu akaikosa.

Walipomaliza wote waligeuka wakanitazama, maana nilikuwa nimebaki peke yangu. Mtoto alikuwa analia. Nikainama, nikamshika Sikitu mkono, nikampa pole kwa kufiwa na mama.